Nafasi ya Maneno

Mimi sikuchora hata ukucha wa mtu.
Kazi yangu ilikuwa maneno, kuyapanga ndani ya viputo
kwa herufi kubwa, peni nne kwa ukurasa,
chumba cha juu ya duka la vifungo, Surry Hills.

Alwyn Treloar aliingia mwaka wa arobaini,
katuni za Marekani zimepigwa marufuku bandarini
na watoto wa Sidni wanakufa kiu ya ngumi na risasi.
Alitoka Kadina, mwana wa mchimba shaba,
amerithi kofia ya babake, na kikohozi pia.

Kurasa zake za kwanza, jamani!
Mistari kama manyoya ya paka. Kila jani la mkalitusi lina mishipa,
kila kifungo kina uzi wake,
na Garnet, rubani wa posta, anaanguka kutoka angani
wala huoni kwamba anaanguka, kwa wingi wa mawingu.
Nikamuuliza, "Na mimi niandike wapi, kwenye paji la uso?"
"Andika kwa ufupi," akasema.
Ikaingia AAH tu.

Vita vikala karatasi nzuri.
Tukachapa juu ya mabaki ya kijivu yanayonyonya wino kama mchanga.
Mistari ya Alwyn ikavimba, ikashikana,
uso wa Garnet ukawa tope.
Alinunua nakala kwa peni sita, akaisoma amesimama,
tramu tatu zikampita.
Kesho yake nibu zote zilikuwa kwenye debe la taka
na mkononi ameshika brashi.

Giza lilianzia hapo.
Mtu yuko mlangoni, huoni ila ukingo wa kofia
na jicho moja, jeupe kama chumvi.
Hakuchora tena mvua. Aliacha nyufa nyeupe ndani ya weusi,
nawe ukalowa.
Ndipo aliponipa nafasi: kona nzima, tulivu,
ameizungushia penseli, na ndani yake, kwa udogo, B.H.,
Beryl Hanrahan,
kama mtu anayemwekea mgeni kiti.

Nilimpenda? Alikuwa na Una, na mapacha, kule Marrickville.
Mimi nilikuwa na mama asiyeweza kujigeuza kitandani.
Tuendelee.

Wachungaji wakasema tunaoza watoto.
Mkaguzi akafuta damu, akafuta bastola,
akapandisha ukosi wa kila blauzi hadi kidevuni.
Garnet akabaki ananyoosha mkono mtupu.
Alwyn aliutazama ukurasa ule muda mrefu.
"Beryl," akasema, "hivi unatisha zaidi."

Kisha televisheni. Kisha bandari ikafunguliwa,
katuni za rangi zikashuka kwa tani, bei ya kutupwa.
Bwana Pascoe akatuita ofisini, akatumiminia chai,
nasi tukajua yamekwisha:
Pascoe hakuwa mtu wa kutoa chai.

Alwyn akachora vibandiko vya makopo ya pichi,
na vijitabu vya bima, na miguu ya matangazo ya soksi.
Nilikutana na mguu mmoja ukutani, Redfern,
nimebeba viazi, nikausimamia.
Hakuna jina. Ulikuwa mstari mmoja,
gotini hadi kisiginoni, bila mkono kuinuliwa.
Miaka ishirini na kitu kuufikia mstari mmoja,
na ulikuwa unauza soksi.

Alipozikwa, Una aliniletea bahasha.
Ndani, ukurasa usiochapwa:
ndege ya Garnet ni nukta,
na chini yake jangwa ambalo hakulichora, aliliacha tu,
nami naliona hadi upeo wake.
Juu, duara la penseli. B.H.
Hakuna hadithi iliyoambatanishwa, wala neno la kunakili.

Uko juu ya meza ya jikoni, wiki ya sita sasa.
Peni nne kwa ukurasa, Alwyn,
na leo umeniachia anga lote.
Jana niliandika AAH,
kwa penseli.
Nikaifuta.