Kichupa

Hereni iliponyoka kwenye beseni la kutemea,
hereni ya Bi Shawana wa Barka, dhahabu ya mahari,
ndipo Shaji, fundi bomba, akaitwa Ruwi,
akapiga goti chini ya kiti cha wagonjwa,
akafungua kiwiko cha bomba.
Hereni haikutoka.
Lilitoka tope la kijivu, na ndani ya tope
vishanga vinang'aa, vinakimbiana,
vinagongana na kuwa kimoja.

"Fedha, dada," akaniambia kwa Kiarabu cha kuungaunga.
Usiguse, Shaji.
Zebaki hiyo.

Mwaka wa kumi na moja huu nashika mrija wa kufyonzea,
Daktari Muhanna akiziba, akizibua, akiziba upya.
Watu huja na vizibo vya ujana wao, hutoka na vipya vyeupe,
na vumbi la vile vya zamani sisi twasuuza.
Suuza, tema. Suuza, tema.
Nilidhani maji yakishapita shimo yamekwisha.

Yaishie wapi?
Husafishwa, ndiyo, kule mtamboni,
kisha usiku hurudi kwa mipira myeusi
hadi kwenye nyasi za kando ya barabara kuu,
pale mama anapotandika mkeka kila Ijumaa,
akamenya chungwa, akasema:
"Nusa, mwanangu. Kama Wete mvua ikikatika."

Nikanusa. Sikumwambia kitu.
Kinachosalia majini ni kiasi gani, sijui.
Nimeuliza; hata niliowauliza hawajui,
na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Zebaki huzoleka, ukiwahi.
Kwa glavu, barakoa, dirisha wazi
na joto la Juni likiingia bila hodi,
niliyasukuma matone kwa kadi mbili za miadi
hadi kichupa cha vidonge kikajaa upana wa kidole.

Kichujio kina bei yake. Daktari kasema mwakani.
Kasema jirani zetu ng'ambo ya barabara hawana.
Sikubisha. Nilikiweka kichupa mezani kwake,
juu ya ankara ya kichujio.
Kiyoyozi kikavuma, karatasi zikapeperuka zote
ila ile.

Akakinyanyua. Mkono ukamshuka,
kama aliyepokea kichanga, kumbe kizito.
"Yote hii?"
"Ya kiwiko kimoja. Tuna viti vitatu."

Hereni, kwa taarifa yenu,
ilikuwa kwenye mkunjo wa shungi yake mwenyewe.