Hongo

Jumamosi. Hakuna daftari za kusahihisha.
Nikamwambia mama mkwe: Leo nakutembeza mji.
Akatazama huku, akatazama kule,
vumbi, mbuzi, bati, minyaa,
akauliza kwa adabu ya Pangani:
"Mji upi, mwanangu?"

Alikuja Kilimatinde Januari kumwona mjukuu.
Siku ya pili ikanyesha.
Majirani walipojua jina lake ni Mwanamvua
walileta kuku wawili na kibuyu cha asali,
na hata leo, Aprili,
hakuna anayetaka kusikia habari za nauli.

Basi, tukaanza na boma.
Ukuta wa mawe, mnene kama ugomvi wa ndugu;
aliujenga Mjerumani
kwa migongo isiyokuwa yake.
Mchwa wamepanda hadi dirishani.
Bi Mwanamvua akaupapasa kama kitambaa dukani,
akagonga mara mbili:
"Chokaa hii si ya matumbawe."
Akaachana nao.

Mtoto wa fundi Chedego, bila kuitwa,
akatangulia na fimbo, akawa mwenyeji wetu.
Hapa walifungwa watu.
Hapa amezikwa mzungu.
Hapa mimi nilianguka nikavunja jino.
Kila kituo akanyoosha kiganja,
na kila kituo Bi Mwanamvua akafungua pindo la kanga:
kashata,
kashata,
kufika ya tatu akaangua kicheko:
"Ninyi Wagogo! Hongo haijaisha tu?"

Maana babu wa babu yake, kwa masimulizi ya kwao,
alipita hapa na mzigo wa shanga kichwani
akienda Unyanyembe,
akalazwa siku tisa kando ya kisima
na watu waliohesabu nguo, doti kwa doti,
wakatikisa vichwa, wakasema: Bado.

Huenda walikuwa wa kwetu. Sikukana.
Nikamkumbusha tu, kwa sauti ya chini,
safari yangu mimi ya kushuka pwani:
mahari, kilemba, mkaja, shuka la bibi,
na yule mjomba aliyeibuka dakika ya mwisho
akisema mlango una ada yake.
Akanichapa begani kwa upepeo.
"Haya. Tuko sawa."

Mchana tukala kwa Mama Nyemo, nyuma ya hospitali,
ugali wa uwele, mlenda, kambare mkavu wa Bahi.
Mlenda ukamponyoka, ukarudi bakulini,
akaufuata, ukamponyoka tena.
"Huu unataka chuo," akasema,
akaomba aongezewe.

Alasiri nikampeleka ukingoni,
pale nchi inapokatika ghafla
na barabara kujikunjakunja kuelekea Saranda.
Chini kabisa, Bahi.
Mvua zilikuwa zimeijaza;
maji mapana, membamba, rangi ya jivu lenye maziwa,
yameingia ndani ya mbuga
kama ghuba iliyopotea njia.

Nilingoja aseme neno juu ya bahari.
Nilikuwa nimeandaa hata jibu.
Akavua viatu, akakaa juu ya jiwe,
akajikuna kisigino.
"Yanakwenda wapi haya?"
Hayaendi, mama. Hayana mlango wa kutokea.
Yanakaa hapo hapo hadi jua liyanywe.
"Yakishanywewa?"
Inabaki chumvi. Akina mama wanaikwangua,
wanaichuja, wanaipeleka gulioni.

Akakaa na hilo.
Treni ya mizigo ikapiga honi huko chini,
tusiione.
Upepo ukaleta harufu ya tope na mifugo,
na mtoto wa fundi, ambaye nilidhani ameshakwenda,
akachomoza nyuma ya jiwe
akitazama lile pindo la kanga.

Bi Mwanamvua akalikung'uta mbele yake. Tupu.
"Na nikitaka kurudi kwetu," akamwuliza,
"ni kashata ngapi?"

Mtoto akafikiri.
Akahesabu vidole vya mkono mmoja,
akaanza wa pili,
akaangalia wingu dogo lililokuwa juu ya Bahi,
akasema:
"Bado."