Chumvi

Daktari alipokupiga marufuku chumvi, Baba,
uliificha gereji, ndani ya kopo la misumari.
Nilijua.
Miaka thelathini na moja nimevifunga mpira vikono vya watu,
nikapuliza, nikasikiliza, nikaandika: ya juu, ya chini.
Yako haikuniridhisha hata siku moja.

Sasa umelala chini ya theluji ya futi tatu
nyuma ya kanisa la Walutheri,
na bunduki yako imelala juu ya meza ya jikoni
katika taulo la sauna.
Kilo nne na robo.
Mtoto akizaliwa na uzito huo, humpima mama yake sukari.

Si ile uliyoibeba Korea.
Hii uliagiza kwa posta mwaka niliozaliwa,
ukasema ni dada yake ile,
na kuhusu Korea ukaongeza neno moja tu: baridi.

Brody, mjukuu wako, kaniletea boksi
lenye picha ya kulungu na pembe zake.
"Zinaingia sawasawa, shangazi. Kipimo ni kilekile."
Kiatu nacho huingia mguuni, nikamwambia,
swali ni kama utafika nacho.

Nikaenda kwa Delmar Ruona, dukani, nyuma ya chambo na glavu.
Akaligeuza boksi, akalirudisha kama mtu arudishaye barua isiyo yake.
"Hizi ni za bunduki changa.
Yako ina tundu dogo karibu na mdomo wa mtutu.
Gesi huchepuka humo, husukuma ufito,
ufito hufungua komeo, ganda hutoka, jingine hupanda.
Sasa kichwa kizito, baruti ya kuungua taratibu,
hufika pale tunduni bado ina hasira.
Ufito hupinda."
"Presha," nikasema.
"Presha," akasema,
akanitazama kwa mara ya kwanza.

Wanasema utu uzima dawa.
Hawasemi kwamba nao una dawa zake,
na dozi zake,
na vyakula usivyoruhusiwa.

Kisha nikamtolea bati lako la kijani, la chini ya benchi.
Maganda yameota kutu ya shaba, rangi ya ziwa mwezi Mei.
Akainusa moja, sijui kwa nini.
"Fataki za zamani. Zina chumvi ndani.
Ukizipiga, osha mtutu kwa maji ya moto jioni ileile,
usiseme kesho.
Chumvi hula chuma kimyakimya."
Nikacheka hadi nikashika kaunta.
Maskini Delmar, akadhani nalia.
Hakukosea sana.

Nilichukua ishirini, mpya,
vichwa vya punje mia na hamsini,
zilizopakiwa kwa ajili ya mabibi wa aina yake.
Usiku nikapitisha kidole gumba juu ya kila kitako:
fataki izame, isichomoze,
isije ikalipuka komeo halijafunga.
Moja niliitilia shaka. Nikaiweka kando
kama nilivyoweka kando kidonge chako cha Alhamisi
nisipokumbuka kama ulikwishameza.

Jumamosi, machimbo ya kokoto.
Kwanza moja.
Nikangoja, nikaukagua ufito, umenyooka.
Kisha mbili.
Kisha nane, na gumba nikaliondoa upesi
kama ulivyonifunza kwa kunionyesha kucha yako nyeusi.
Bega langu likasema lake.
Maganda yakazama thelujini yakinong'ona,
na ya nane ilipotoka, kile kishikizo kikaruka
kikalia: tliing!
kama kijiko kilichoanguka jikoni kwa mtu
aliyedhani kila mtu amelala.

Mtutu nimeuosha hata hivyo. Mazoea.
Bati la kijani bado liko chini ya benchi,
sijui linatupwa wapi.
Wala lile kopo la misumari.