Kitambi cha Kuazima

Kazi yangu, Ghala, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi,
ni kupunguza wanaume.
Asubuhi nakuta kwenye kompyuta kifua, nakuta bega,
nakuta tumbo limejilaza juu ya mshipi
kama paka juu ya ukuta, halina habari na mtu.
Naliondoa. Dakika kumi na moja, pamoja na kivuli chake.
Malaika ya kifuani nayafuta yote.
Nachora misuli: sita, si minne, mteja kasisitiza.
Ndevu naziacha. Mwaka huu ndevu zina soko.
Shaji anachapa, mita sita kwa kumi na mbili,
na jioni mwanamume kasimama juu ya barabara ya Seeb,
kajishika kiuno,
hana kitovu.

Nilikisahau.
Wiki tatu sasa. Hakuna aliyepiga simu.

Baba alishuka Maskati na kanzu mbili na mbavu.
Miaka hiyo, ukutani Matrah, tangazo la mchele
lilikuwa bwana wa kuchorwa kwa brashi,
mashavu maandazi,
tumbo limetangulia mbele kama mshenga,
na wapita njia wakisema: yule kashiba, yule ana kwao.
Mwanamume bila kitambi alikuwa barua bila stempu.
Na picha ilitakiwa Wete, kwa wazee wa mama,
wamtazame mposaji.
Bwana Pramod wa studio akamzunguka, akaguna,
akaingia nyuma ya pazia, akatoka na mto wa kochi,
wa maua, unanuka mafuta ya nywele,
akamfunga nao chini ya kanzu.
"Sasa wewe tajiri. Usipumue."

Mama anasema uwanja wa ndege alimpita mara mbili
akimtafuta yule mnene.
"Nikajua nimeolewa na mto,"
na hucheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani.
Baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kukicheka kisa hicho.
Picha ipo sebuleni. Ukiikazia macho,
pembe ya mto inachungulia ubavuni.
Kwa ufundi wangu ni kazi ya dakika moja.
Sijaigusa.

Nyumbani Mabela, bafu limefungwa tangu magharibi.
Luai ana miaka kumi na sita. Anajipiga picha mle ndani,
taa moja, kavuta pumzi, nami najua kavuta pumzi
kwa sababu ukimya wake una umbo.
Anakula ute wa mayai, viini anampa paka.
Mkebe wake wa protini umelipita birika la kahawa kwa kimo.
Mama kamfuata na sahani ya wali wa nazi.
"Kula, babu. Umebaki macho."
"Siwezi, bibi. Nakata."
"Unakata nini?"
Kimya. Maji yanachuruzika.
"Nataka niwe kama yule wa barabarani."

Ningemwambia: yule ni Azzan, karani wa benki,
halwa anakula kwa mkono mzima,
nimemtoa kilo nane kwa kikombe kimoja cha chai.
Ningemwambia: yule ni mkono wangu, mwanangu.
Mdomo ulifunguka, likatoka jengine:
"Kesho ukipita, mtazame kitovu."

Akarudi kutoka skuli, begi bado mgongoni,
kasimama mlango wa jikoni, kidole kimoja
kajichoma nacho tumboni juu ya shati, kama anayehakikisha.
"Baba. Hana."

Mama hakugeuka. Alikuwa akikuna nazi.
"Hana kitovu?" akasema. "Sasa kwao wapi?
Kimezikwa wapi?"
Chake kipo Wete, chini ya mkarafuu ulioungua.
Cha Luai sijui; hospitali ya Khoula hawakutupa kitu,
walitupa karatasi.

Usiku ule alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani.
Viini vya mayai bado anampa paka.
Paka ananenepa, anang'ara,
anapita katikati ya sebule kama bwana wa mchele.