Kasi ya Sabini na Nane

Sanduku limeandikwa MISUMARI.
Kijana aliyelileta, wa kubomoa nyumba Barabara ya Nane,
alitaka elfu kumi, akapokea elfu sita na chai.
Ndani hamna hata msumari mmoja:
santuri kumi na moja, nzito kama vigae,
tatu zimepasuka,
na chini kabisa, ndani ya kanga
ambayo jina lake limefifia, limebaki SIJUTII,
yeye.

Siku tatu nilidhani ni mwanamume.
Mzee, mzito wa ulimi, kalewa tembo pengine,
anaburuta maneno kama robota la mkonge sakafuni.
Nikasema: mbaya huyu, ndiyo maana wakamsahau.
Siku ya nne nikafungua tumbo la gramafoni,
nikasugua springi kwa mafuta ya taa
na mswaki wa mke wangu
(tumegombana, tuliache hilo),
nikazungusha mpini mpaka ukakataa.
Umeme ulikuwa umekatika Ngamiani nzima.
Nikashusha sindano

na mwanamke akasimama katikati ya duka.

Sauti si tamu sana, niseme kweli.
Ina ukakasi, kama ndizi iliyoharakishwa kuiva.
Kwanza mtu anakohoa. Mwingine anasema, "Haya."
Tarumbeta linaingia kabla ya zamu yake,
linajirudi kwa aibu, banjo linalicheka,
naye hawangoji:

*Barua nimeandika, kwa wino wa zambarau,
posta wameishika, au we umesahau*

Hapo pana ufa.
Sindano inaruka ufa, inameza herufi,
*umesahau* inatoka *umesaa*,
*umesaa, umesaa*,
na muuza mkaa, aliyesimama mlangoni na baiskeli yake,
anauliza: umesaa, yaani umebaki?
Nikamwambia sijui, labda.

Karatasi ya katikati ni ya buluu. Mende wamekula.
Zimesalia: NYAMV, halafu tundu,
halafu *na wenzake*, halafu *Tanga*.
Niliuliza Msambweni, nikauliza Gofu.
Mpiga saksafoni mstaafu akaapa kwamba enzi hizo
hapakuwa na mwanamke wa kuimba na tarumbeta,
akasikia, akanyamaza, akaomba maji.

Makorora, Mama Sechonge alikuwa anakanda unga.
Nilikuwa nimeinasa kwenye simu, nikaiweka kando ya beseni.
Mikono ikasimama.
"Huyo Bi Nyamvula. Nyamvula wa vifungo."
Wa vifungo?
"Alikuwa na kibaraza nyuma ya soko, na kopo la maziwa
limejaa vifungo. Kimoja senti kumi, na kukushonea.
Mashati yangu yote ya shule, yeye.
Ukipoteza kifungo anakusema mpaka ulie."
Kisha akaniangalia kama niliyemwibia kitu.
"Kwani alikuwa anaimba?"
Hakuimba harusini, akasema. Hakuimba hata jikoni.
Redio ya jirani ikipigwa dansi
alikuwa anafunga dirisha, akidai vumbi.

Tukasikiliza mara nne. Unga ukakauka vidoleni mwake.
Mara ya tano alinikataza:
"Basi. Utammaliza."

Mpwa wangu anasema mikwaruzo inatoka,
kuna namna, dakika mbili tu, kwenye simu yake.
Nikamjibu: toa, lakini kikohozi kiache.
Na ule ufa?
Sijamjibu ule ufa.

Usiku nikifunga duka namweka mara moja.
Springi ni kuukuu, haifiki mwisho wa wimbo.
Kwenye ubeti wa mwisho anaanza kuchoka,
sauti inateremka, wino unakuwa mzito,
banjo linatembea kwa magoti,
na namsikia yule mzee akija tena,
mlevi, mwenye ulimi wa gunia,
aliyemkalia siku tatu zile
na miaka yote kabla ya siku tatu zile.
Naruka kitini, nashika mpini,
nazungusha.