Mia Nne na Tisa

Saa kumi na mbili jioni redio ya Ostrava yatangaza:
mia nne na tisa.
Zdeněk, kinyozi, mikasi imelala tangu Machi,
apiga meza: "Wanazidisha!
Hata aliyegongwa na tramu wamemtia humo!"

Dada yake Květa hajavua viatu.
Barakoa imemchora mashavuni.
"Wanapunguza," asema. "Wodi yangu peke yake..."
Anyamaza. Amenya kiazi.

Mmoja ajumlisha, mmoja atoa,
na supu yapoa katikati.

Ng'ambo ya ukuta redio ya bibi Havlová
yarudia namba ileile, kwa sauti ya juu.
Usiku kucha inasema, mchana inasema.
Zdeněk agonga ukuta: "Punguza, mama!"

Květa aweka kisu chini.
Ahesabu siku kwa vidole.