Kitenzi Kisicho na Mtenda

Ukumbi wa nane, Łódź, Februari ile ya makaa haba.
Tuliketi na makoti, pumzi zetu zikionekana,
hivyo hakuna aliyeweza kujifanya hayupo.

Bi Halszka Wendorf hakuja na bango.
Alikuja na chaki na kikohozi,
akanakili ubaoni gazeti la asubuhi:

Bei zimepandishwa.
Mgomo umemalizwa.
Mwanafunzi amekutwa chini ya ngazi, amekufa.

"Leo ni sarufi," akasema. "Sarufi tu.
Nitafutieni mtenda."

Bomba la joto likagonga mara mbili, likanyamaza.
Ndipo Ludwika, binti wa mfuma nguo,
ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono:
"Zimepandishwa na nani?"

"Na," akarudia Bi Halszka, akakaandika
kaneno kale, kakubwa kama mlango.
"Wizara nzima imejibanza nyuma yake,
kisha mhariri akakafuta."

Basi tukaanza, watu mia mbili,
kumenya vitenzi kama viazi vya mgahawani:
umemalizwa na nani,
amekutwa na nani,
na kabla ya kukutwa,
alifanywa nini.

Safu ya mwisho kijana wa koti la kijivu aliandika.
Tulimjua. Hata yeye alimjua.
"Wewe wa nyuma, unanipata? Nipunguze mwendo?"
Akaitikia kwa kichwa.
Akapunguza mwendo.

Jumatatu, karatasi mlangoni:
Mhadhara umeahirishwa. Mhadhiri amehamishwa.
Chini yake, kwa penseli, mtu alishauliza.
Kufikia Ijumaa swali lilikuwa kituo cha tramu,
lilikuwa foleni ya nyama,
lilikuwa kwenye vumbi la madirisha ya kiwanda,
limeandikwa kwa kidole.

Miaka thelathini na mitatu.
Nimepewa jalada na karani mwenye mafua
(ona, bado namtaja mtenda)
na ndani yake mhadhara wote, neno kwa neno,
hata kikohozi, pamoja na saa yake.
Sisi tuliompenda hatukuandika kitu;
mikono yetu ilikuwa mifukoni.

Ukurasa wa tisa, kwenye neno *amekutwa*,
kuna mstari uliopigwa kwa wino mwingine,
na pembeni, mwandiko uleule wa taarifa,
mdogo, kama wa mtu anayejificha na mkono wake mwenyewe:
na nani

Hakuweka alama ya kuuliza.